Gia ya Sita ya Gari la Nesi Getruda

Jumatatu saa mbili asubuhi, gari la zahanati ya Mwalusenga liliingia gereji moja ya Nyakato likiwa limefungwa mnyororo nyuma ya lori la mpunga. Maulida alikuwa amekaa juu ya tairi bovu akinywa uji. Alipoliona akaweka kikombe chini. Siku ishirini na tatu zilizopita alikuwa amelifunga klachi mpya kwa mikono yake mwenyewe, na katika miaka kumi na sita ya kufungua magiaboksi, hakuna gari lililowahi kumrudia kabla ya mwezi kwisha.

"Shikamoo, mzee Luhende."

"Marahaba, fundi. Limerudi."

"Naliona."

Luhende, dereva wa zahanati, alikuwa mtu wa miaka sitini, mrefu, wa maneno machache. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na watu wa Mwalusenga walikuwa wamelibadilisha ili liiweze njia yao. Lilikuwa na matairi yanayomfika mtu kiunoni. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa mpaka juu ya paa ili injini isinywe maji. Mwaka huu bodi nayo ilinyanyuliwa juu ya chesisi kwa vipande vya chuma vya inchi tatu, na nyuma kulifungwa kitanda cha mgonjwa.

Maulida alipanda, akawasha, akavuta hendibreki, akaweka gia ya tatu na kuachia klachi polepole. Klachi nzima ingeizima injini palepale. Injini iliendelea kunguruma kana kwamba hajaigusa, na harufu ya kuungua ikapanda kupitia sakafuni.

"Inateleza," alisema.

Ilipofika saa saba giaboksi ilikuwa mezani. Klachi pleti iliyokuwa mpya ilikuwa imelika mpaka kwenye ribiti zinazoishikilia, na chuma kilichogusana nayo kilikuwa na madoa ya buluu, kama kitu kilichotolewa motoni. Maulida alitafuta oili iliyovuja, hakuiona.

"Mzee, unapumzisha mguu juu ya klachi ukiwa safarini?"

"Sina tabia hiyo."

"Mnabeba nini?"

"Wagonjwa. Wajawazito zaidi."

Aliufunga mkono wa gia juu ya giaboksi pale pale mezani, akazipitia gia moja moja. Zilikuwa tano na ya kurudi nyuma. Baada ya ya tano, mkono uliingia mahali pengine, kulia kabisa na mbele. Maulida alichungulia ndani kwa tochi. Mkono ulikuwa kwenye gia, lakini ndani hakuna jino lililosogea. Akautoa, akaurudisha. Ukaingia tena.

"Na hii ya sita ni ya nini?"

"Hiyo ni ya lami," alisema Luhende.

"Kwenu hakuna lami."

"Ipo ile ya kwenye bango."

Bango hilo lilikuwa mbele kidogo ya Magu, kwenye njia panda ya kwenda ziwani. Lilisema kwamba barabara ya lami ya kilomita kumi na tisa, pamoja na daraja la Mto Nyamalili, zimekamilika. Lilikuwa na miaka minne. Katapila lilikuja siku moja, likapigwa picha, likaondoka, na nyuma ya bango ulibaki udongo mweusi wa mbuga, ule unaomeza gari mpaka milangoni. Masika ya mwaka juzi, Luhende akiwa amekwama na mgonjwa, alijaribu gia zote kutafuta itakayovuta, akaangukia ile ya sita. Lami ikaja. Alifika Magu kwa dakika ishirini na mbili. Tangu hapo ndiyo njia waliyoitumia.

"Sasa shida ni nini?" Maulida aliuliza.

"Inachomoka. Ikichomoka, lami inaondoka. Mwendo themanini unatua kwenye tope. Hapo ndipo napigana na klachi mpaka nitoke."

"Imeshawahi kuchomoka darajani?"

"Wiki mbili zilizopita. Tuliangukia mtoni. Lile bomba la juu lilitusaidia."

Maulida alitikisa kichwa taratibu. Sasa alijua kinachoua klachi, lakini hakujua kinachochomoa gia, na hilo la pili ndilo lililokuwa la hatari. Siku mbili alikagua kila spiringi na kila beringi. Mezani gia ya sita iliingia na kukaa, hata alipougonga mkono kwa nyundo ya mpira. Jumatano asubuhi gari lilikuwa limefungwa tena, klachi mpya ndani yake, na Maulida akapanda kiti cha mbele na boksi lake la vifaa.

"Ugonjwa hauko ndani ya giaboksi," alisema. "Nitakwenda nalo mpaka nione linapougulia."

Walipita Kisesa, wakapita Magu, wakafika kwenye bango. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Luhende aliingiza gari kwenye tope, akakanyaga klachi, akaupeleka mkono kulia na mbele, akaachia. Lami ikaanza. Ilikuwa lami nzuri, yenye mstari mweupe katikati na mitaro ya mawe pande zote mbili. Watu waliokuwa wakitembea kwenda mnadani, viatu mkononi, walisogea kuwapisha. Wao walikuwa kwenye tope na gari lilikuwa kwenye lami. Luhende aliwapungia, nao wakampungia.

Maulida aliweka kiganja juu ya mkono wa gia, akakiacha hapo. Walivuka daraja, na mto chini yake ulikuwa umejaa. Kilomita tatu mbele, kwenye tuta dogo la kalavati, aliusikia mkono ukirudi nyuma wenyewe. Lami ikaondoka. Gari lilitua kwenye tope likateleza ubavu mpaka kwenye majaruba ya mpunga, likasimama.

"Umeona?" alisema Luhende.

"Subiri."

Alijikunja chini, akafunua mpira unaoziba tundu la mkono wa gia, akamulika. Kwenye ukingo wa bati la sakafu, upande wa kulia, rangi ilikuwa imekwanguka na chuma kiking'aa kama kijiko. Kwenye mkono wa gia, kimo kilekile, kulikuwa na alama nyingine inayong'aa.

"Mliinua bodi, tundu la sakafu mkaliacha lilivyokuwa," alisema. "Giaboksi iko chini ilikokuwa, sakafu imepanda. Mkono unagonga bati kabla gia haijafika mwisho. Inashikilia kwa ncha tu. Tuta dogo tu, inatoka."

Aliona aibu kidogo kwa kuwa mara ya kwanza alilifunika tundu hilo bila kulitazama. Kisha aibu ikampita, akafurahi sana.

Luhende alilitoa gari topeni, wakafika Mwalusenga. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, na nesi Getruda alikuwa amesimama mlangoni akiwasubiri, glavu mkononi. Rebeka, mke wa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akitoka damu tangu alfajiri na mtoto alikuwa amekingama tumboni. Alihitaji upasuaji, na upasuaji ulikuwa Magu.

"Wenye mitumbwi wamekataa kuvuka mto," alisema Getruda. "Mzee Luhende, geuza gari."

"Nipe dakika ishirini, dada," alisema Maulida.

"Sina dakika ishirini."

"Tukienda sasa itachomoka darajani. Mlazeni kitandani kwanza, nitafanya kazi akiwa humo humo."

Getruda alimtazama usoni, kisha akaingia ndani kumleta mgonjwa. Umeme haukuwepo. Maulida alichukua tindo na nyundo, akapiga magoti kwenye sakafu ya gari na kuanza kulikata bati upande wa kulia na mbele, upana wa vidole viwili. Kila pigo lilitikisa kitanda. Baada ya pigo la tano alisimama, akageuka nyuma. Rebeka alikuwa amefumba macho, jasho likimtiririka.

"Nakuumiza?"

"Piga, dada," alisema Rebeka. "Piga tu."

Alipiga. Bati lilipokatika alilikunja kwa koleo, akaujaribu mkono. Gia ya sita iliingia mpaka mwisho kwa mlio ambao Luhende hakuwahi kuusikia, mlio mfupi kama wa kufuli la sanduku.

Waliondoka. Lami ilikuja ikiwa kavu, mvua ikinyesha pande zote. Kwenye kalavati gari liliruka kidogo na gia ikabaki. Maulida alikaa na mikono yake mapajani, hakuugusa mkono wa gia. Nyuma Getruda alikuwa akihesabu mapigo ya moyo kwa sauti.

Mtoni maji yalikuwa ya kahawia, yanabeba migomba mizima. Watu walikuwa wamekwama kingo zote mbili tangu asubuhi. Ng'ambo liliegeshwa gari jeupe, na wanaume watatu waliovaa vizibao vya kung'aa walisimama pembeni yake. Walikuwa wakaguzi. Wanakijiji walikuwa wameandika barua kulalamika kwamba daraja halipo, na wao walitumwa kuja kutazama. Gari la zahanati lilipita juu ya maji kwa mwendo wa tisini. Katikati ya daraja mkono wa gia ulitetemeka.

"Imekaa?" aliuliza Luhende, macho yake mbele.

"Imekaa."

Mmoja wa wakaguzi aliinua simu, akapiga picha.

Walifika hospitali kwa dakika kumi na tisa. Saa kumi jioni alizaliwa mtoto wa kike wa kilo tatu na nusu, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye maegesho. Getruda alitoka akiwa na damu mpaka viwikoni, akawaambia mama naye yu hai, kisha akakaa chini ukutani na kucheka peke yake. Luhende, mtu wa maneno machache, aliingia ndani ya gari akapiga honi mfululizo. Mlinzi alikuja mbio kumkataza. Alipoelezwa kilichotokea, alifikiri kidogo.

"Piga tena," alisema.

Jumatatu iliyofuata barua ilifika Mwalusenga. Getruda aliisomea kamati ya zahanati kwa sauti. Ilisema kwamba malalamiko yamefungwa. Wakaguzi wameshuhudia kwa macho yao, tena siku ya mvua kubwa, gari likivuka daraja kwa mwendo kasi. Daraja ni imara na linatumika, na wananchi wanaaswa kulitunza. Mwenyekiti aliuliza kama wakaguzi wenyewe walivuka. Hawakuvuka. Kamati iliandika barua nyingine, nayo ikajibiwa kwa maneno yaleyale, picha ikiwa imeambatishwa.

Siku Rebeka aliporuhusiwa, Maulida alitoka Nyakato akalipanda tena gari hilo pale Magu, kwa sababu alitaka kuisikiliza klachi yake. Ilikuwa nzima. Maji yalikuwa yamepungua, na wanawake waliotoka sokoni walikuwa wakivuka mto kwa miguu, mabeseni kichwani, maji yakiwafika kiunoni. Gari lilipoingia darajani, Rebeka alimgusa Luhende begani.

"Baba, simama. Nataka wamwone."

Luhende alimtazama Maulida.

"Kanyaga klachi mpaka chini, gia usiitoe," alisema Maulida. "Itakaa. Nimeifunga mimi."

Gari likasimama katikati ya daraja, injini ikinguruma polepole. Rebeka alishuka taratibu, akaegemea ukingo uliopakwa rangi nyeupe, akamfunua mtoto, akamwinua juu kwa mikono miwili. Chini, wanawake walisimama mtoni. Wa kwanza akapiga kigelegele, wa pili akakipokea, kikaenda ng'ambo na kurudi mpaka wavuvi wa ziwani wakageuza vichwa. Mtoto akapiga chafya. Wakacheka, wakapiga tena.

Walipomaliza, waliyaweka sawa mabeseni yao kichwani, wakaendelea kuvuka, wakipapasa mawe kwa nyayo.