Kocha Amefiwa

Hapa Miyuji hakuna mtu anayeujua mpira kunishinda mimi. Kuotea ni nini, hilo usiniulize. Nimeelezwa na watu wazima wenye akili zao, kila mmoja akaeleza lake, nikaona heri nibaki na ujinga wangu mmoja kuliko kuongeza wa wenzangu. Lakini wachezaji nawajua. Mtu ukimpikia ugali wa uwele misimu miwili, ukamfulia na soksi, huwezi kusema humjui. Na kocha wao nilimjua zaidi, kwa sababu yeye hata soksi hakutaka kufua za kwake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya ushirika yamefungwa, mitumba imejaa sokoni, kila mwenye lori moja anaitwa tajiri. Tajiri wetu alikuwa Fredy, mtu wa malori ya mahindi. Alisikia wenzake wa Dar wana timu, naye akataka timu. Akawachukua vijana wa mtaani kwetu, akawavalisha jezi za njano, akawaita Miyuji Rangers, akakodi vyumba vyangu vya uani viwe kambi. Mpishi nikawa mimi. Halafu akamleta kocha Elisante.

Elisante alikuwa Mgogo mwenzetu, mtoto wa Haneti, ila alikaa Dar mpaka akawa anaiangalia mboga yetu ya mlenda kama imemtukana. Miwani ya jua havui hata akiingia jikoni kwenye moshi. Siku ya kutia saini, Fredy aliusoma mkataba kwa sauti sebuleni kwangu, wachezaji wote wamekaa chini kimya kama watoto wa kipaimara. Kocha atakaa misimu miwili. Hatatoka kambini ligi ikiendelea, isipokuwa amefiwa na mzazi. Elisante akatia saini, ndefu, ina mikia kama ya mbuzi.

Kisha akamgeukia mjukuu wangu Denis, kipa. Denis alikuwa tarishi wizarani, kazi ya serikali, na wakati ule serikali yenyewe ilikuwa inapunguza watu. Aliyetoka harudi.

"Acha kubeba mafaili, kijana," Elisante akamwambia. "Nipe misimu miwili. Siondoki hapa mpaka nimekupandisha daraja."

Nikamwambia mtoto usiache kazi. Akanijibu, "Bibi, si umeona kocha ametia saini?" Kesho yake akaacha.

Basi msimu wa pili ukafika mwishoni. Ilibaki mechi moja, Jumamosi, na timu ya Singida. Tukishinda tunapanda. Tusiposhinda, Fredy alishaapa mbele ya watu kwamba anawavua vijana jezi zake na kurudi kwenye mahindi, na Denis wangu atabaki hana timu, hana mafaili.

Jumatano mchana akaja mgeni kutoka Dar, shati la kung'aa, mkoba kwapani. Akala kwangu. Akaongea na Elisante mbele yangu bila wasiwasi. Watu wa namna ile wanadhani mwanamke akishika mwiko anakuwa kiziwi.

"Ijumaa jioni uwe Dar," akasema. "Jumapili tunakutambulisha kwa wanachama. Ukichelewa, tunamchukua yule Mzambia."

"Nitafika."

"Lakini usitoroke. Tajiri wako akikushitaki kwenye chama cha mpira, utafungiwa. Tafuta njia ya halali ya kutoka. Ukishatoka, kurudi ni hiari yako."

Wakacheka. Mgeni akaomba nimwongezee mboga. Nikamwongezea. Nilitia chumvi kidogo zaidi ya inayotakiwa, lakini hilo si kosa, mkono wa mzee hutetemeka.

Mgeni alipoondoka nikamfuata Elisante pale alipokaa.

"Kocha, Jumamosi nikupikie nini?"

"Chochote, bibi."

"Nikupikie hapa, au nikutumie Dar?"

Akaweka kijiko chini. "Bibi Cecilia, usiingilie usiyoyajua."

"Nisiyoyajua ni kuotea tu. Mkataba naujua, ulisomwa kwenye mkeka wangu."

"Siku hizi mpira ni kazi kama kazi nyingine. Serikali inauza viwanda vyake, mimi nani nisijiuze?"

"Kiwanda hakijamwahidi mtoto wa mtu kitu."

"Wewe umewahi kutia saini nini, wewe?"

"Ndoa. Tatu. Dole gumba kila mara. Sijavunja hata moja, waume wamekufa wenyewe."

Hakucheka. Akavua miwani, mara ya kwanza naona macho yake, mekundu. "Mwaka jana Thomas alivunjika mguu akiichezea timu hii. Naye alikuwa na mkataba. Fredy wenu alifanya nini? Alimtupa juu ya magunia akamrudisha kwao Busi, na jezi akamvua. Siku ile mlikuwa wapi, nyinyi watu wa saini? Mkataba unamfunga mnyonge tu?"

Hapo alinipata. Fredy alifanya hivyo kweli, mchana kweupe, mtaa mzima unaangalia. Nikahamisha sufuria ambalo halikuwa na haja ya kuhamishwa.

"Basi mdai Fredy," nikasema. "Mwambie usoni kwamba unaondoka kwa ajili ya Thomas. Denis amekukosea nini?"

"Denis ni kijana. Atapata kitu kingine."

Nilikuwa na maji ya moto mkononi. Kilichomwokoa ni kwamba yalikuwa ya chai ya wachezaji.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia Fredy. Fredy angempiga. Kocha aliyevunjwa taya hapangi timu, na mimi nilimtaka Jumamosi pale kwenye benchi, mzima, na taya lake. Nikalala na hasira yangu kama mtu aliyelala na jiwe kwenye mto.

Alhamisi asubuhi, kabla ya uji, Elisante akamuua mama yake.

Alitoka chumbani ameshika kichwa. "Jamani, mama! Mama yangu amefariki!" Utingo wa basi la Kondoa, akasema, ndiye aliyemletea habari alfajiri ile. Wachezaji wakasimama. Denis akamkumbatia, machozi yanamtoka ya kweli, maana yeye mama yake alikufa kweli. Fredy akaitwa, akaja, akavua kofia.

"Pole sana, kocha. Mkataba unaruhusu. Nenda kazike mama."

"Nitajitahidi kurudi Jumamosi," Elisante akasema, uso ameufunika kwa leso. "Nikishindwa, mnisamehe."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Basi la Kondoa, tangu niijue barabara ile, halijawahi kufika kabla ya jua la utosi. Na nyuma yake, chumbani, niliona begi lake kubwa limefungwa kamba. Misumari ya ukutani mitupu; filimbi, viatu, suti zake mbili, vyote vimeingia begini. Nani anakwenda kuzika na suti mbili?

Lakini huwezi kumwambia mfiwa kwamba ni mwongo. Ikiwa msiba ni wa kweli, umejilaani mwenyewe na ukoo wako. Mfiwa haulizwi. Mfiwa anasindikizwa. Elisante alikuwa amekaa Dar muda mrefu, mahali ambapo mtu anafiwa, anapewa pole mlangoni, anapanda basi peke yake na msiba wake. Alisahau yuko wapi.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka barabarani, nikapiga yowe.

Sijisifu, lakini yowe langu ni zuri. Kabla chai haijachemka uwanja wa nyumba yangu ulijaa. Tereza, jirani yangu, akaja na unga kichwani. Joha wa nyumba ya pili akaja na mikeka na watoto wa dada yake. Kwaya ya kanisani ikaja na ngoma. Wanawake wakamzunguka Elisante, wakamkalisha chini, wakamlilia mpaka akashindwa kuinua kichwa.

"Jamani, asanteni," akawa anasema. "Nitakwenda na basi. Msisumbuke."

"Basi!" nikasema kwa nguvu ili Fredy asikie. "Mama wa kocha wetu azikwe na watu wa Haneti peke yao, kama vile mwanawe hakuwahi kukaa na binadamu? Watatusemaje?"

Fredy alikuwa mchoyo, lakini alikuwa mchoyo mwenye aibu. Akatazama umati. "Lori langu lipo," akasema. "Twendeni wote."

"Hapana, tajiri!" Elisante akaruka. "Mahindi yako yatachelewa."

"Mahindi hayana mama," nikasema.

Begi lake likapandishwa juu na wachezaji, kwa heshima zote. Yeye tukamweka mbele, Fredy kwenye usukani, mimi mlangoni, kocha katikati. Mimi si mnene, ila siku ile nilijitanua.

Nyuma kwaya inaimba nyimbo za mazishi, vumbi linaingia midomoni mwao na hawaachi. Tukafika Makutupora. Pale Elisante akashtuka kama mtu aliyekumbuka amesahau moto.

"Tajiri, simama. Utingo aliniambia kitu nikachanganyikiwa. Nadhani wameshazika."

"Amekufa lini?" Fredy akauliza.

"Usiku."

"Usiku wa jana?"

"Wa jana."

Kidirisha cha nyuma kilikuwa hakina kioo. Joha akaingiza kichwa. "Kocha, sisi Waislamu ndio tunaosifika kwa kuharakisha, na hata sisi hatuna mbio hizo. Mama yako alizikwa na wazima moto?"

"Kama wameshazika, tutalia kaburini," nikasema. "Kanyaga, Fredy."

Fredy hakukanyaga mara moja. Alimtazama Elisante kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayeshika usukani. Kisha akaendesha, na sasa hakuwa anaendesha kama mtu anayekwenda kuzika.

"Kocha," akasema taratibu, "yule mtu wa mkoba aliyekuwa kwa bibi jana, ni nani wako?"

"Binamu."

"Naye umemjulisha msiba?"

"Ndiyo. Hapana. Bado."

"Mwache mfiwa, Fredy," nikasema, nikimpigapiga Elisante gotini. "Hukumbuki ulivyomfariji Thomas?"

Shingo ikamvimba Fredy, akaibamiza gia. Nilitaka achomwe kidogo na yeye. Siku ile sikuwa na mtu wa kumpenda ndani ya lile lori, isipokuwa kijana wangu aliyekuwa nyuma analia kwa ajili ya mama wa mtu.

Tulipokaribia Haneti jasho la Elisante lilikuwa limelowesha hata kanga yangu. "Bibi," akaninong'oneza, "mwambie ageuze. Nakuomba. Jumamosi nitakuwepo. Naapa."

"Unaapa kwa nani?"

Alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema, "Kwa mama yangu." Akaufunga.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya kijiji, nyumba ya tembe, ya chini, ua wa miiba, ng'ombe wachache. Hakuna mkeka nje, hakuna moto wa matanga, hakuna mtu. Lori likasimama. Wanawake wetu wakashuka na, kama desturi inavyotaka, hawakuuliza kitu. Wakaangusha vilio. Tereza akajitupa chini na unga wake. Kwaya ikapandisha sauti.

Mlangoni akatokea mama mmoja mfupi, mkavu, ungo mkononi, pumba za uwele kwenye nywele. Akatuona. Akaona kanga zimefungwa viunoni, akaona wanaume wamevua kofia, akamwona mwanawe amefunika uso. Na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, hakuuliza kwanza. Alitupa ungo, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanguka kifuani kwangu akalia kuliko sisi wote.

"Uwiii, jamani! Ametutoka! Ametutoka mwenzetu!"

Tukalia naye. Nilimshika vizuri, maana alilia kwa roho yote. Denis akaja akapiga magoti mbele yake.

"Pole mama," akasema. "Sisi ni wachezaji wa Elisante. Tumekuja kumzika mama yake."

Yule mama akakata kilio. Akajifuta kamasi kwa kiganja.

"Mama yake yupi?"

"Mama Anyesi, ndivyo kocha alivyotutajia."

"Anyesi ni mimi."

Kwaya ilikuwa imefika kiitikio. Ikafa mstari mmoja mmoja, wa mwisho akiwa mzee wa besi ambaye hasikii vizuri. Denis alibaki amepiga magoti. Hakumtazama yule mama tena. Alimtazama kocha wake, kisha akatazama begi lililofungwa kamba kule juu ya lori, na nikaona ukweli unamwingia taratibu kama maji yanavyoingia kwenye ardhi yetu baada ya kiangazi. Fredy akafunga mlango wa lori, akatia ufunguo mfukoni.

"Kocha," akasema.

Elisante akatoa leso usoni. Uso ulikuwa mkavu kabisa. Akatutazama mmoja mmoja, akatafuta pa kushika, na akapaona.

"Hamkunisikia vizuri," akasema. "Nilisema mama mdogo. Amefariki mama yangu mdogo."

Bibi Anyesi aliokota ungo wake, akaukung'uta vumbi.

"Mama mdogo gani, Elisante?" akauliza. "Mimi kwetu nilizaliwa peke yangu, na baba yako hakuwa na mke mwingine."