Redio Isiguswe

Mtu mwenye mdomo kama ule kuitwa Kimya ni utani wa watu tu. Fundi yule akianza kuongea, unaweza kumaliza chai, ukaosha kikombe, ukarudi na kumkuta bado yuko kwenye utangulizi. Ila jina lenyewe alilipata kwa kazi yake. Gari likitoka mikononi mwake limefungwa muziki, ukiwasha husikii kitu ambacho hukukiomba: hakuna uvumi wa waya, hakuna mkwaruzo, na zaidi ya yote hakuna ile tup! ambayo spika hupiga redio inapoamka. Kwake muziki uliingia taratibu, kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. "Ukisikia tup," aliwaambia wateja, kidole juu, "ujue gari lako limefungwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula."

Kitu kingine alichokidharau ni redio za kiwandani, zile ambazo gari huzaliwa nazo. Alizing'oa bila huruma. Rafu nzima ya karakana yake ilijaa redio hizo, waya zikining'inia nyuma. Jirani yake aliyeshona viti vya magari, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Viti, aliiita rafu ile makaburini.

Basi Ijumaa moja mchana likaingia gari dogo, la zamani lakini limeoshwa likaosheka. Akashuka mama mmoja mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, na hata salamu hazijaisha akasema, "Fundi, nataka sauti nzuri humu ndani. Lakini redio isiguswe."

"Isiguswe kivipi, dada? Huo ndio ugonjwa wenyewe!"

"Isiguswe. Ibaki pale pale, na vitufe vyake na taa zake za kijani. Kama huwezi niambie, nikatafute mwingine."

Kumwambia Kimya "kama huwezi" ni kumtia kidole jichoni. "Nani kasema siwezi?" akafoka. Alikuwa amefungua mdomo aendelee, na angeendelea kweli, ila hapo akamwona mtoto.

Alikuwa msichana wa miaka kama minane. Ameshuka kimyakimya, amesimama mbele ya ile rafu ya redio mbovu, anazitazama moja moja bila kugusa. Kimya akamsalimia. Hakujibu wala hakugeuka.

"Usimguse tu, kaka, hapendi," mama akasema upesi. "Haongei. Ana usonji." Kisha maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, maana inaonekana alikuwa ameyabeba siku nyingi. Shule iliyokubali kumpokea binti yake ilikuwa moja tu, tena upande wa pili wa mji. Mtoto hapandi gari lolote isipokuwa hili. Mwaka jana fundi mmoja aliwashawishi waweke redio mpya yenye kioo kikubwa, na mtoto akagoma kuingia mpaka redio ya zamani ikarudishwa. Sasa spika ya mlango wa nyuma, upande anaokaa, ilikuwa imechanika. Muziki ukianza tu inakwaruza, naye anapiga kelele, anajiuma mkono. Wiki iliyopita alifungua mlango gari likiwa linatembea.

"Si uzime redio, basi?"

"Nikizima anashuka. Gari bila redio kwake si gari." Mama akamtupia mtoto jicho. "Amekosa shule siku nyingi mno. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, lakini ameniambia wazi: kuanzia Jumatatu aje kila siku, la sivyo nafasi anapewa mtoto mwingine anayeisubiri. Na mimi simlaumu. Huyo mwingine naye ana mama."

"Niletee gari kesho asubuhi," Kimya akasema.

Walipoondoka aliwaangalia. Mtoto alifungua mlango wa nyuma, akasimama nje, akatandaza kiganja chake kwenye ubao wa ndani wa mlango, chini karibu na mfuko wa kuwekea vitu. Akatulia hivyo. Mama akazungusha ufunguo, taa za kijani zikawaka kwenye dashibodi, na mtoto akaingia.

"Bosi anakagua gari," Kimya akatania.

"Anasubiri zile taa," mama akasema. "Akiziona anaingia. Ndiyo maana nakwambia redio isiguswe."

Ndipo muziki ukaanza, spika ikakwaruza, na mtoto akapiga ukelele ambao ulimfanya Mama Viti atoke na sindano mdomoni. Gari likatoka karakana vile vile, ukelele ukiwa ndani, na ulisikika mpaka kona. Kimya alibaki ameshika koleo.

Jumamosi asubuhi mama akaleta gari peke yake, mtoto kamwacha kwa bibi yake. Na Kimya akafanya kazi, jamani! Hakuna asiyejua kufoka mtaa ule, lakini kazi ile ni wachache wangeiweza. Redio aliiacha mahali pake. Nyuma yake akachukua sauti kwa waya nyembamba, akaipeleka kwenye amplifaya ndogo ya kukuza sauti aliyoificha chini ya kiti. Spika zote nne za zamani akazitoa, akaweka mpya, akaziba matundu ya milango ili chuma kisitetemeke. Redio za namna ile zina kiburi: zisipohisi spika kwenye waya zao, zinafunga mdomo, hazitoi sauti hata kwa kupigiwa magoti. Kimya akaidanganya kwa vipande vidogo vya kuzuia umeme, ikaamini spika zake bado zipo. Mwisho, kwa fahari yake yote, akaipanga amplifaya iamke baada ya redio, sekunde chache tu, ili ile tup ipotelee hewani isimfikie mtu.

Akawasha. Taa za kijani. Utulivu. Kisha muziki ukaingia, safi, wa chini ukiwa chini na wa juu ukiwa juu.

"Mama Viti! Njoo usikilize!"

Mama Viti akaja, akainamisha kichwa dirishani. "Hapo mwanzo palipokuwa kimya, nisikilize nini?"

"Hapo hapo!"

"Wewe ni mgonjwa," Mama Viti akasema, lakini alibaki mpaka wimbo ukaisha.

Saa sita mama na binti yake wakaja kwa miguu. Mama alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea cheti. Kimya akamfungulia mtoto mlango wa nyuma na kurudi nyuma hatua kadhaa, kama alivyoelekezwa. "Karibu, bosi."

Mtoto akatandaza kiganja mlangoni. Mama akawasha. Taa za kijani zikawaka. Mtoto akasubiri. Muziki ukaanza, mtamu kuliko gari lile lilivyowahi kuimba, na mtoto akaondoa kiganja kama aliyeungua.

Mama akazima, akawasha tena. Mtoto akasubiri, akaondoa kiganja, akarudi nyuma. Mara ya tatu alikaa chini sakafuni, akaanza kujiuma mkono.

"Taa si hizi hapa?" Kimya akasema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa jinsi ilivyopanda. "Redio sijaigusa, dada! Haki ya nani sijaigusa! Sauti ndiyo hiyo, safi, haina doa!"

"Najua, kaka." Mama aliegemea usukani, na machozi yakamtoka bila kuyaficha. "Si kosa lako. Mimi ndiye niliyedhani... Basi. Basi tu. Jumatatu haiwezekani tena."

Kimya akakaa juu ya tairi. Ukweli ni kwamba alijiona hana maana. Miaka yote ya kujisifu, halafu mtoto wa miaka minane anaisikiliza kazi yake bora kuliko zote na kuikimbia.

Mtoto alipotulia, aliinuka, akatembea mpaka pembeni ya karakana palipokuwa na boksi la vitu vilivyotolewa. Akainama, akachukua spika moja. Ilikuwa ile iliyochanika. Mama akataka kumzuia.

"Mwache," Kimya akasema. "Achukue, imekufa hiyo. Achezee."

Lakini hakuichezea. Aliipeleka garini, akaiegemeza kwenye ubao wa mlango, chini karibu na ule mfuko, akaifunika kwa kiganja. Kisha akamwangalia mama yake. Si usoni, alimwangalia mkono, ule uliokuwa kwenye ufunguo.

Kimya akasimama taratibu. Kitu kilianza kumjia, na hakukipenda hata kidogo.

"Dada, zima kabisa. Usiwashe mpaka nikuambie."

Akavuta waya mbili kutoka nyuma ya redio, akazifunga harakaharaka kwenye ile spika mbovu bila kuigusa mikono ya mtoto. "Haya, washa halafu zima. Usingoje muziki."

Tup!

Mtoto akainua mguu mmoja, akaukanyagisha ndani ya gari.

"Mama yangu," Kimya akanong'ona. "Si taa! Hakuwa anasubiri taa. Anasubiri tup!"

"Tup gani?" mama akauliza, na hapo ndipo Kimya alipoona kwamba mwanamke yule, baada ya miaka yote ya kuendesha gari lile, hakuwa anaisikia tena. Mtoto peke yake ndiye aliyeisikia, tena kwa mkono. Gari lilikuwa likimgonga kiganjani kumwambia limeamka, na yeye Kimya, bingwa, alikuwa amelikata ulimi.

Sasa tatizo likabaki pale pale. Spika ile ikirudi inarudi na mkwaruzo wake, na mkwaruzo ndio unaofungua milango barabarani. Spika mpya hazina mkwaruzo, lakini hazina tup, na hata zingeipiga isingekuwa ile anayoijua mtoto. Kimya akazunguka gari. Akazunguka tena, akijisemesha mwenyewe kama kawaida yake, mpaka Mama Viti aliyekuwa amesimama kizingitini akamwambia atulie, anamtia kizunguzungu.

"Ile mbovu ipige tup, halafu inyamaze," Kimya akasema. "Basi. Kazi yake iwe hiyo tu."

Akafungua droo ya vifaa vya honi na taa, akatoa rilei, kile kiboksi kidogo cha swichi kinachoruka chenyewe umeme ukikifikia. Spika ya zamani akaifunga nyuma ya ubao wa mlango, chini karibu na ule mfuko, ikapata waya wake halisi kutoka redioni bila kudanganywa. Rilei akaiweka katikati. Redio ikiamka, spika ile inapiga tup yake. Amplifaya ikiamka baada yake, rilei inaruka, spika mbovu inakatwa, na zile mpya zinapokea. Sekunde zile zile chache alizozipanga kuiua tup, sasa akazipanga kuipisha.

"Kimya, unaweka tup kwa mkono wako mwenyewe!" Mama Viti akacheka mpaka akashika ukuta. "Leo nimeona mengi!"

"Cheka tu. Na ukimwambia fundi wa kona ya pili, hatusalimiani."

Jua lilikuwa limeshainama alipomaliza. Mtoto muda wote alikuwa amesimama pale pale. Akatandaza kiganja. Mama akashika ufunguo, akafumba macho, akawasha.

Tup!

Mtoto akaingia. Akakaa, akavuta mlango mwenyewe, akaufunga. Muziki ukaja. Mama alikaza mabega akingoja ukelele, na ukelele haukuja. Mtoto alikirudisha kiganja mlangoni, akasikiliza sauti nzito mpya iliyokuwa ikipita chini yake, ambayo gari lile halikuwahi kuwa nayo. Kisha akalaza shavu lake pale pale.

"Nenda nyumbani, dada," Kimya akasema, akijifanya anatafuta bisibisi. "Nenda kabla sijalia mbele ya watu."

Jumatatu asubuhi alifika kazini mapema bila sababu ya maana. Gari dogo likapita barabarani, madirisha yamefungwa, na aliona kichwa kidogo kimeegemea mlango wa nyuma. Jumanne likapita. Jumatano likapita. Alhamisi lilichelewa kidogo, na Kimya aliunguza waya wa mteja kwa kuchungulia nje. Likapita.

Ijumaa mchana likakunja, likaingia karakana. Siku hiyo palikuwa na watu: mteja mwenye gari kubwa la kifahari aliyekuja kwa sifa za fundi asiye na kelele, na huyo huyo fundi wa kona ya pili, kaja kuazima koleo. Mama akashuka anatabasamu. "Wiki nzima, kaka," akasema. "Hakukosa hata siku moja. Mwalimu mkuu kaandika jina lake kwenye mlango wa darasa."

Mtoto alikuwa ameshashuka. Akapita mbele ya rafu ya makaburini, akawapita watu wote, akaja kusimama mbele ya Kimya. Kimya akaganda, mikono pembeni, maana alikumbuka kwamba haguswi. Na mtoto akainua mkono wake, akatandaza kiganja kifuani pa fundi, juu ya ovaroli lenye grisi. Akatulia, anasubiri.

Mashine ya Mama Viti ikanyamaza. Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mteja wa gari la kifahari alitazama, fundi wa kona ya pili alitazama, na Kimya aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akavuta pumzi.

"Tup!" akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Mtoto akacheka. Akaondoa kiganja, akakiweka tena, na Kimya akasema tena.