Mti Jike Uliobaki Karibu

"Weka shoka chini, Artidoro! Huo mti hakuupanda mama yako!"

"Wala hakuupanda mumeo, dada Teolinda. Mti wa kinamasi, na kinamasi hakina mwenyewe."

Sisi tuliokuwa tukifua mtoni tuliacha nguo kwenye mapovu, mbio. Nani akose ugomvi wa watu wanaogawana ukuta mmoja wa mbao? Tulimkuta Teolinda ameukumbatia mti wa aguahe, ule wa jamii ya mnazi, matope hadi magotini, na Artidoro mbele yake na shoka begani. Juu, huko ambako shingo huuma kutazama, mikungu ilining'inia, matunda yake yamevaa magamba mekundu kama samaki.

Aguahe ana dume na jike. Dume hutoa maua tu. Na sisi, miaka nenda miaka rudi, kila tulipotaka tunda tulimwangusha mama tukamwacha baba. Sasa kinamasi chetu kimejaa madume matupu, yamesimama kama wanaume kwenye ngoma waliyoikimbia wanawake. Jike la karibu lilibaki hilo. Mengine yako mbali, safari ya mtumbwi, na Teolinda anayeuza aguahe gatini hana mtumbwi.

"Ukiukata, mwakani nitaloweka nini? Kokoto?"

"Binti yangu ana mimba, roho yake yote iko kwenye aguahe. Nimwambie angoje mti ubembelezwe ushushe matunda?"

"Nani kasema asile? Panda ukamchumie!"

"Kupanda ni kazi ya nyani."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alitazama juu mara moja, akainamisha macho upesi, na hapo nikakumbuka zile wiki alizolala na mbavu zimevunjika. Alituambia kateleza gatini. Gatini wapi! Kijiji kizima kilijua alidondoka mtini, ila hakuna aliyemwambia usoni.

Teolinda naye aliliona hilo. Akashusha sauti.

"Bado unaota unaanguka, eh?"

Artidoro akatazama matope. "Nikifumba macho tu, dada."

"Basi kalete mkanda wako wa kupandia, na kamba. Nilipokuwa msichana nilipanda na baba yangu, mpaka nyie wanaume mlipoanza kunicheka. Wewe shika kamba, uniongoze."

"Na hicho kiuno utakipandishaje?" akadakia mmoja wetu.

"Kiuno hiki kimejengwa na aguahe. Kinajua njia ya kwao." Kwetu husemwa tunda hilo humjaza mwanamke nyonga.

Mkanda na kamba vikaletwa, akapanda. Artidoro akasahau woga wake kwa kumhofia mwenzake: "Kaza mguu wa kushoto! Polepole! Usitazame chini, dada yangu, niache mimi nikutazame wewe!" Jasho lilimtoka kuliko aliye juu. Mkungu wa kwanza uliposhuka kwa kamba, aliupokea mikononi kama anapokea mtoto. Wa pili vilevile. Mti ukabaki umesimama, majani yakivuma.

Jioni nyumba ya Teolinda ilifurika. Matunda yalikuwa yamelowa kwenye maji vuguvugu, magamba yanabanduka kwa kucha, sebule nzima rangi ya chungwa midomoni. Binti wa Artidoro alikuwa amekaa karibu na sufuria, anakula. Baba yake alibaki nje kwenye ngazi, eti anapunga upepo.

Teolinda akatoa kichwa mlangoni.

"Mwanamume, unaogopa aguahe atakuotesha nyonga? Zikiota tutakushonea sketi. Ingia ule, unga wa muhogo umeshakaangwa. Na kesho unanifundisha ule mguu wa kushoto."

"Ulikuwa umelegea kweli," akasema Artidoro, akivua viatu vyenye matope.

"Nimesikia. Ingia."