Likizo ya Zege

Helka Nurmio alikuwa amechoka uchovu ule usiotibiwa na usingizi. Yeye ndiye mpanga ratiba wa chekechea mpya iliyokuwa ikijengwa pale Iisalmi, mji mdogo wa Ufini, na tangu theluji iyeyuke hakuna aliyemsalimia bila kumalizia na "tutafungua lini?" Ungedhani anaijenga peke yake.

Kwenye kompyuta yake kila kazi ilikuwa na mstari. Mstari wa buluu una mwanya: fundi anaweza kuchelewa kidogo na dunia isianguke. Mwekundu hauna, ukisogea siku moja, ufunguzi nao unasogea siku moja. Mwekundu kupita yote ulikuwa wa kukauka kwa zege la sakafu, na kwa hesabu yake watoto wangeingia wiki mbili baada ya tarehe iliyoahidiwa. Kwa ajili ya mstari huo Helka aliifuta likizo yake ya Julai, mwezi ambao nchi nzima hufunga milango na kuhamia ziwani. Angebaki kuikausha sakafu kwa mashine za joto, aziokoe siku chache. Wenzake walimpa pole, na pole haibebi mzigo.

Aliyeumia ni baba yake. Mzee Tauno alikuwa katika nyumba ya wazee, moyo umedhoofika, na daktari alisema wazi kwamba kiangazi kingine hakioni. Aliomba jambo moja tu: apelekwe kwenye nyumba ya ziwani aliyoijenga kwa mikono yake, aingie sauna, chumba cha kuoga kwa mvuke, mara moja. Helka alimwambia Agosti.

Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo, Helka alikuwa akiukodolea macho ule mstari mwekundu alipoona umekatika katikati. Ulifika mwisho wa Juni, ukatoweka, ukaibuka tena Agosti. Programu ilikuwa imeambiwa kwamba Julai hakuna mtu kazini, nayo kwa utiifu wake ikalipa zege likizo, kana kwamba nalo lina taulo na fimbo ya kuvulia samaki. Aliyeijaza kalenda hiyo ni Helka mwenyewe. Na kikao kizima cha watu wazima kiliipitisha bila hata mmoja kucheka, maana kwa Mfini kitu kisichopumzika Julai hakiingii akilini.

Akairekebisha: zege hukauka usiku na mchana, watu wawepo wasiwepo. Sakafu ikageuka buluu hapo hapo. Furaha yake haikumaliza hata kikombe cha kahawa, kwani wekundu ulikuwa umehamia kwenye mashine ya kuingiza hewa, kazi ya fundi Reijo, na ufunguzi ukabaki umechelewa wiki zile zile mbili.

Alimkuta Reijo akifunga sanduku la vifaa.

"Reijo, mashine yako inafika lini?"

"Agosti. Si wewe uliyeniambia nina mwanya, nisijisumbue?"

"Niliupima kwa sakafu iliyochelewa. Kumbe sakafu haichelewi. Huo mwanya haupo."

"Haya ndiyo makubwa," alisema Reijo. "Dada, mwanya ulionipa nimeshautumia. Haurudishwi dukani kama chupa tupu. Kesho mimi niko Lapland, kaskazini kabisa, na simu naizima."

Helka akageuka kurudi ofisini. Angemlaumu vipi mtu kwa kula alichopakuliwa?

Jyrki, msimamizi wao, alisikiliza habari yote akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Basi mashine iletwe Julai," alisema. "Nitatafuta mafundi wengine. Wa kuipokea na kuwasimamia tunaye."

"Nani?"

"Wewe. Likizo si umeshaifuta?"

Helka alimtazama. Hasira zilimpanda, kisha zikashuka zenyewe kwa kukosa nguvu.

"Niliifuta kwa ajili ya sakafu, Jyrki. Sakafu hainihitaji."

"Na wazazi wa watoto? Nani atawaambia?"

"Mimi, leo hii. Nitaiandikia manispaa kwamba kosa ni langu. Chekechea ya zamani bado ina paa, watoto wataivumilia wiki mbili. Baba yangu wiki mbili hizo hana."

"Umechoka wewe. Kalale, tuongee Jumatatu."

"Nimechoka, ndiyo. Na Jumatatu sipo."

Aliiandika barua, akaituma, akawasha gari. Njiani hakujisikia shujaa. Alijisikia mtu aliyekumbuka sufuria jikoni akiwa ameshafika sokoni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa likiumia halikuwa lake.

Nesi alimpokea mlangoni.

"Alikuwa akiuliza kila asubuhi kama unakuja," alisema kwa upole. "Wiki hii hajauliza."

Mzee Tauno alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini, amepungua kuliko alivyomwacha. Helka akasimama mbele yake bila kujua aanze na samahani au na salamu.

"Baba, nimekuja tuende ziwani. Leo."

Mzee alilisukuma blanketi kando. Hakuuliza kuhusu Agosti.

"Viatu viko chini ya kitanda," alisema.

Helka akapiga magoti kuvitoa. Vilikuwa vimeshapakwa rangi, na ndani ya kimoja kulikuwa na soksi safi. Alibaki pale chini kwa kitambo, kwa sababu hakutaka mzee amwone uso.