Joto la Bimdogo

Siku mashine ya joto ilipoharibika, Bimdogo alikuwa amekaa juu ya zulia anamenya thomu, na Thuraya, mke wa mwanawe, yuko jikoni anageuza chapati. Ilikuwa Desemba ya mwaka 2004, Saiq, juu ya mlima wa Jabal al Akhdar huko Oman, ambako maji ya ndoo hukutwa asubuhi yameshika utando wa barafu. Mashine ilikohoa mara moja pale ukutani, ikanyamaza, kisha ikaanza kupuliza upepo wa baridi. Bimdogo alijitanda ushungi wake vizuri, akaendelea na thomu yake.

"Thuraya, mwanangu," alisema, "akirudi mumeo mwambie mashine yake imegeuka feni."

Mume mwenyewe, Marzouq, alikuwa mwalimu wa jografia, amehamishiwa skuli ya mlimani kutoka Maskati. Mama yake alizaliwa Unguja mjini, akazeekea Maskati, na katika miji yote miwili hakuwahi kuiona pumzi yake ikitoka kinywani. Alipanda mlima kwa sababu Marzouq ndiye mtoto wake pekee, na kwa sababu hakuamini kwamba Thuraya anajua kukaanga vitunguu. Siku ya kwanza aliitazama pumzi yake, akasema kumbe ndivyo ilivyo, na hakuizungumza tena.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya Khalaf. Watu wake Khalaf walirudi Oman kutoka Kigoma, na yeye akatajirika kwa saruji na vigae huko Nizwa, akaoa mlimani, akajenga Saiq nyumba mbili zinazoegemea ukuta mmoja. Moja alikaa mwenyewe, moja akapangisha. Alikuwa mtu wa tabasamu. Tabasamu lile lilimsaidia katika mambo mengi ambayo mtu mwengine angehitaji wakili.

Jioni ile Marzouq alivaa kanzu safi, akafunga kilemba, akaenda kwa Khalaf kueleza shida yake. Lakini majlis ya Oman, yaani sebule ya kupokea wageni, ina utaratibu. Mgeni akishaketi huulizwa habari: za njia, za nchi, za watu. Na jibu ni moja tangu enzi za mababu, kwamba hakuna habari, ni salama tupu. Hata mtu aliyeacha nyumba yake inawaka moto hujibu kwanza kwamba hakuna habari. Kisha hula tende, hunywa kahawa, hutikisa kikombe kuonyesha ametosheka, ndipo hutaja moto.

"Shay ulum, Mwalimu? Shay khabar?" aliuliza Khalaf, na wazee watano wamekaa pembeni wanasikiliza.

"Ma shay. Salama, alhamdulillah," alijibu Marzouq, kama alivyofunzwa na baba yake.

Alikula tende, akanywa kahawa, akatikisa kikombe. Ndipo akasema mashine ya joto imeharibika na mama yake mtu mzima anatetemeka.

Khalaf alitabasamu. "Lakini Mwalimu, si sasa hivi umesema hapa, mbele ya hawa wazee, kwamba hakuna habari?"

Wazee walitazamana. Walikuwa wamesikia kwa masikio yao. Mmoja alitikisa kichwa kusikitikia vijana wa siku hizi, wanaosema hivi na dakika hiyo hiyo wanasema vile.

"Haidhuru," alisema Khalaf. "Mashine haina problemu, ina waranti. Lakini wewe ni jirani. Nitakufanyia kama ihsani tu. Bukra, inshallah."

Hapo ndipo Marzouq aliposhindwa, ingawa yeye alitoka akidhani amefanikiwa. Maana haki hudaiwa, lakini ihsani haidaiwi, na aliyefanyiwa ihsani akilalamika ubovu wake huonekana mtu asiye na shukurani.

Hiyo bukra, yaani kesho, ilikuja baada ya wiki mbili, nayo ilikuwa ni Humoud, mpwa wa Khalaf, aliyewahi kutengeneza viyoyozi vya magari. Humoud hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumaliza mapema tu, kwa sababu ukungu ulikuwa unashuka na gari yake haikuwa na taa moja. Kasha la nje la mashine, lile lenye feni, lilikuwa limejaa barafu uchochoroni, naye akaona afadhali alihamishe. Akatafuta pahala pepesi pa kutoboa, akatoboa ukuta ule mmoja wa nyumba mbili, akapitisha mabomba, na kasha akaliweka upande wa pili, katika pembe ya majlis ya mjomba wake. Mke wa Khalaf alilifunika kwa kitambaa cha kudarizi. Kisha Humoud akawasha, akaweka mkono mbele ya mashine, akasema itapata moto polepole, haraka haraka haina baraka, akaenda zake.

Mashine haikupata moto. Ilichukua joto la upande huu ikalipeleka upande wa pili. Kwanza ilichukua la hewa. Lilipokwisha ikachukua la chai, ikawa chai inaondoka kwenye birika inachemka na inafika kikombeni imepoa. Kisha makaa ya seredani yakawa mekundu vizuri lakini mtu anaweza kuyashika. Thuraya alizima mashine kwa swichi, ikaendelea. Akachomoa waya, ikaendelea. Akaurudisha waya, maana ulikuwa unamkwaza miguuni.

Baada ya hapo ilianza kuchukua joto la watu, na ikaanza na Bimdogo, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa karibu nayo na ndiye aliyekuwa nalo jingi.

Ng'ambo ya ukuta mambo yalikuwa mazuri. Wazee walivua makoti wakifika mlangoni. Mawaridi ya Khalaf chini ya dirisha la majlis yalichanua Januari, wakati ya mlima mzima bado ni vijiti. Na joto lenyewe halikuwa la kawaida. Wazee walilisifu kuwa lina adabu, linaanza miguuni, kisha linapanda mabegani na kukaa hapo kama mtu anayekufunika shuka. Lilinukia udi na asmini. Mzee mmoja aliyefiwa na ndugu yake alisema akikaa karibu na lile kasha huhisi anapigwapigwa mgongoni taratibu, mpaka akalala. Khalaf aliwaambia kwamba ukinunua kitu, nunua kizuri.

Marzouq alirudi kwa Khalaf mara nyingi. Kila mara aliulizwa habari, na kila mara alijibu kuwa ni salama. Siku moja alikata shauri kwamba leo atajibu ukweli. Aliingia, akaketi, akaulizwa, akafungua kinywa, na kilichotoka ni "Salama, alhamdulillah." Alitamani kujing'ata ulimi. Lakini ulimi wa mtu ni wa wazazi wake kabla haujawa wake, na wake ulilelewa vizuri mno.

Mwezi wa Januari walimteremsha Bimdogo Nizwa hospitali. Kule chini palikuwa na vuguvugu, watu wamevaa kanzu nyepesi, lakini yeye alizidi kupoa kila gari ilivyozidi kuteremka. Daktari alimpima, akasema hana homa, na hilo lilikuwa kweli. Walipomrudisha mlimani alipata nafuu kidogo, akaomba uji.

"Hamuoni?" alisema. "Nikiwa mbali na lile joto ndiyo nnazidi. Niacheni hapa hapa."

Asubuhi moja, wanaume wakiwa kazini, mke wa Khalaf alimkaribisha upande wa pili. Bimdogo aliingia majlis akishika ukuta. Alifika kwenye kasha, akaondoa kitambaa, akaweka viganja vyake juu.

"Langu hili," alisema. "Nnalijua. N'nalo toka utotoni."

Mke wa Khalaf alimwambia aje kila asubuhi apendapo. Hakukataa kwamba ni lake. Alimletea mto wa kuegemea na kahawa, na Bimdogo akashukuru. Tangu siku ile kila asubuhi akawa anakwenda kwa jirani kuota joto lake mwenyewe, na inapokaribia adhuhuri anarudishwa kwake, na joto linabaki.

Siku moja Khalaf alirudi mapema akamkuta. Aliinama kwa heshima, kama watu wa Kigoma wanavyojua kuheshimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Hujambo, bibi yangu? Baridi haikusumbui?"

"Sijambo, alhamdulillah. Hapana tabu yoyote."

Marzouq alipoambiwa haya alikasirika, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mama yake. Alisimama mbele yake.

"Kakuuliza mwenyewe, Mama! Kakuuliza baridi kwa jina lake! Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini, na kahawa yake iko mkononi mwangu?" alisema Bimdogo. "Marzouq, mimi sikulelewa hivyo. Na wewe sikukulea hivyo."

Marzouq alitoka nje akakaa kwenye gari yake mpaka hasira ikamwisha. Hasira ilikuwa na joto kidogo, nalo lilibaki garini. Alimpenda mama yake, na alijua anamwona akiondoka, na hakujua neno gani la adabu linalofaa kusemwa.

Bimdogo alifariki Februari, siku ya Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri. Saa yenyewe haikujulikana, kwa sababu mwili wake ulikuwa baridi tangu wiki nyingi na kugusa hakukuonyesha chochote. Thuraya alijua pale alipounguza vitunguu na hakuna aliyesema neno.

Matanga yalikaliwa majlis kwa Khalaf, maana ndipo palipokuwa na joto. Khalaf hakusubiri kuombwa. Alichinja mbuzi wawili, akasimama mlangoni kupokea watu waliotoka Maskati na Ibra, akalia machozi ya kweli. Ni mtu mkarimu, na asiyesema hivyo atakuwa amemdhulumu. Waliokuja walivua makoti, wakasema wallahi nyumba hii ina joto zuri.

Marzouq alikaa karibu na kasha. Usomaji wa Kurani ulipoanza alihisi kiganja shingoni, chini ya sikio, pahala pale ambapo mama yake alikuwa akimpima homa alipokuwa mdogo. Kilikaa hapo, kikavu na cha moto, mpaka dua ikaisha. Alilia kwa sauti, na watu wakamwacha, kwa sababu msibani mtu huachwa alie.

Kuanzia hapo alikwenda kila siku. Baada ya skuli hupita kwake kubadilisha kanzu, kisha hugonga kwa jirani. Khalaf alifurahi. Alisema Mwalimu amekuwa mtu wa watu, zamani alikuwa hana ila malalamiko.

Mwezi wa Machi, siku mawaridi ya wengine yalipoanza kutoa matumba, ilifika gari ya kampuni kutoka Nizwa. Akateremka fundi mmoja, Adil, amevaa ovaroli safi na amebeba kijisanduku. Khalaf hakumleta yeye. Waranti ndiyo iliyomleta, maana hatimaye ilikuwa imepita katika meza zote ilizopaswa kupita. Adil alifungua mashine ya ukutani, akachungulia kwa tochi, akaguna.

"Nani aliyefanya hivi?" aliuliza, kisha akasema basi. "Vali imekwama, inapeleka kinyume. Vali mpya n'nayo hapa. Na kasha nitalirudisha uchochoroni. Kabla ya laasiri mtakuwa na joto."

Thuraya, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na makoti mawili mwilini, alifumba macho akasema alhamdulillah.

"Kwanza lazima nitoe gesi yote iliyomo," alisema Adil. "Imeshachafuka. Kisha natia mpya."

"Unaitoa unaipeleka wapi?" aliuliza Marzouq.

"Nje. Nafungua tu, inakwenda na upepo."

"Yote?"

"Yote, Mwalimu. Haibaki hata kidogo."

Marzouq aliutazama ukuta. Upande wa pili, wakati ule, palikuwa hapana mtu, na joto lilikuwa limekaa peke yake katika majlis juu ya mazulia, likinukia asmini.

"Hakuna haja," alisema. "Inafanya kazi."

"Inafanya kazi? Mtu ataganda humu ndani!"

"Tumeshaizoea. Karibu kahawa."

Adil alimtazama, akamtazama Thuraya, akaona si mambo yake. Kahawa alikunywa kikombe kimoja, baridi kama maji ya mtungi, akatikisa kikombe kwa adabu. Alifunga kijisanduku chake, na vali mpya ikateremka naye mlima mpaka Nizwa.

Gari ilipokwisha kupinda, Thuraya alimwendea mumewe, akaweka viganja vyake viwili kwenye mashavu yake. Vilikuwa baridi. Si baridi ya mtu aliyeshika maji, ni ile ya ndani, kama ilivyokuwa ya Mama mwanzo mwanzo.

"Na hili langu," aliuliza, "nalo utakwenda kulitembelea?"

Marzouq aliishika ile mikono na kuifikicha muda mrefu, lakini mikono yake mwenyewe haikuwa na kitu cha kuipa. Adhana ya laasiri ilipoisha alibadilisha kanzu, akaenda kugonga kwa Khalaf.