Ndoano Isiyo na Mnyoo

Mzee Nestor aliuona mwanga ule akiwa anapalilia mihogo. Ulimetameta chini, kwenye kona ya mto Lowa, ukazimika, kisha ukametameta tena. Akasimamisha jembe na kutazama ng'ambo. Huko kulikuwa na kilima cha msitu mzito, na siku chache nyuma watu walikuwa wameona moshi ukipanda kutoka humo, moshi usio na mwenyewe. Mwanga huku, moshi kule. Nestor hakuhitaji kufafanuliwa zaidi: kuna aliyekuwa akiwapa ishara waliojificha kilimani.

Kijiji chao kilikwisha kuchomwa moto mara moja tangu vita vianze. Mara ile pia kulikuwa na mgeni kati yao, muuza sabuni mwenye kicheko kizuri, ambaye alitoweka siku moja kabla ya moto. Tangu hapo Nestor hakuamini vicheko.

Na mgeni wa sasa alikuwa Muhindo, mfanyabiashara wa Butembo, aliyekuja na mzigo wa chumvi na vitambaa akakwama barabara ya Sake ilipofungwa. Chumvi iliisha, vitambaa wakavichukua wenye bunduki, yeye akabaki kwenye kibanda nyuma ya kanisa. Hakulima. Lakini kila asubuhi aliteremka mtoni akiwa na kapu lililofunikwa.

"Anaendaka kuvua," Elisabeth, mke wa Nestor, alikuwa amemwambia.

"Kuvua na nini? Wavu hana. Kuziba kijito na kukausha maji ni kazi ya banamuke. Yeye ni mwanamuke?"

"Umuulize basi."

"Mutu ya uongo, ukimuuliza, unamupatia tu nafasi ya kuupanga."

Sasa Nestor aliacha jembe, akachukua panga, akashuka taratibu mpaka kwenye matete. Kona ile ya mto ilikuwa ya ukoo wake tangu mababu. Mtu yeyote aliyetaka kuvua hapo alikuja kwanza kwake kuomba, na samaki wa kwanza alipopatikana, kichwa chake kililetwa nyumbani kwa Nestor. Muhindo hakuwahi kuomba. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu mashaka.

Alimwona amesimama juu ya jiwe. Mkononi alishika mkebe wa maziwa uliozungushiwa uzi wa nailoni. Alirusha kitu, kikang'aa hewani, kikatumbukia. Akakivuta haraka, akikunja uzi kwenye mkebe, kikatoka majini kinang'aa tena. Kilikuwa kijiko kilichokatwa mpini, na nyuma yake ndoano. Nestor alikodoa macho. Ndoano ilikuwa tupu. Hakukuwa na mnyoo, wala buu, wala kipande cha utumbo wa kuku. Kwa watu wa mto ule, ndoano isiyo na chambo si ndoano. Mtu anayeirusha havui.

"Unamupigia nani taa?" akauliza akitoka kwenye matete.

Muhindo aliruka nusura aanguke. "Papa Nestor! Niko navua tu."

"Na munyoo iko wapi?"

"Haiombi munyoo. Kijiko inang'aa, samaki yenye meno inafikiri ni kasamaki kadogo, inaikimbilia."

"Samaki inakula chuma?"

"Inadanganyika."

"Aa! Kumbe unajua kazi ya kudanganya."

Nestor akapindua kapu kwa ncha ya panga. Vikaanguka vipande vya kopo la sardini, manyoya ya jogoo, waya, na ganda moja la risasi lililotobolewa tundu.

"Na hii?"

"Niliiokota ku njia. Nayo inang'aa, nilitaka nijaribu."

"Beba vyako. Tunaenda ku bariere."

Muhindo alijua maana ya kupelekwa kwenye kizuizi cha wenye bunduki kule barabarani. Watu wawili walipelekwa huko mwezi uliopita, na viatu vyao vilionekana baadaye kwenye miguu mingine. Alipiga magoti kwenye tope. "Papa, kwa jina ya Mungu."

Lakini hawakuhitaji kwenda. Wenye kizuizi nao walikuwa wameuona mwanga. Merdi, kijana aliyekuwa mkuu wao, mzaliwa wa upande wa Nyabiondo, si mbali na hapo, alishuka kwa njia ya mashamba na wenzake wawili, bunduki mbele.

"Nani iko napigia kilima kioo?" akasema. Akalitazama kapu, kisha akamtazama Nestor. "Papa, kijiji yenu inakula na wapelelezi? Kama mupelelezi analala kwenu, anakula kwenu, basi kijiji muzima ni yake."

Nestor alishusha panga. Alikuwa ameshuka kumtoa mtu mmoja. Sasa aliona kwamba akimtoa yule mmoja, anazitoa na nyumba zote, na Elisabeth humo ndani.

"Mupelelezi gani?" akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Huyu ni muvuvi wangu. Alikuja kwangu akaomba, nikamupatia kona. Weye ni mutoto wa huku, unajua kona ni ya nani."

Merdi aliijua desturi ile. Alisita. "Muvuvi bila munyoo?"

"Ni mutego ya mupya. Tuko tunaujaribu."

"Sawa. Kesho asubuhi nakuja hapa. Nataka niione samaki inakamatwa na hiyo chuma, na macho yangu. Ikikosa, tutapanda wote watatu ku bariere, miye na ninyi wawili."

Walipoondoka, Muhindo alianza kumshukuru. Nestor akamkatiza.

"Usinishukuru. Sikuamini hata kidogo. Nani alikufundisha hii mambo?"

"Mupadri mumoja, ku ziwa, nikiwa mutoto. Ya kwake ilikuwa ya kununua duka. Miye natafuta tu namna ya kuitengeneza, sijaipata."

"Hujawahi kukamata hata moja?"

Muhindo akainamisha kichwa. "Hata moja."

Nestor akaketi juu ya jiwe, panga magotini, ili amchunge. Hakukusudia kusaidia. Lakini alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia kazi ikifanywa vibaya mbele yake. Kijiko kilizunguka kama wazimu, uzi ukajisokota mafundo. Kipande cha kopo kilielea juu kama jani. Ganda la risasi lilizama moja kwa moja na kunasa kwenye mizizi, likapotelea huko, na Nestor hakulisikitikia.

"Unakimbiza sana," akasema mwishowe. "Kasamaki kazima, nani atakakamata? Kenye kuumia njo kanayumba, kanalala upande. Yenye meno inafuata kenye kuyumba."

Muhindo akakipinda kijiko kidogo juu ya jiwe. Akakijaribu majini, miguuni pao. Kikazunguka. Akakipinda tena. Nestor akampokonya, akakigonga kwa mgongo wa panga mpaka kikawa kama jani kavu la mgomba, akatengeneza kipete cha waya kati ya kijiko na uzi ili kigeuke bila kuusokota. Wakakivuta polepole. Kikayumba kushoto, kikayumba kulia, kikaonyesha tumbo jeupe, kama kitu kinachokufa.

"Ooh," Muhindo akanong'ona.

Nestor alijikuta anatabasamu. Akaacha mara moja, akageuka kuangalia kilima.

Asubuhi Merdi alikuja na wenzake, wakaketi ukingoni wakivuta tumbaku. Muhindo alirusha. Hakuna. Akarusha tena, akavuta kwa haraka, kijiko kikaja kinarukaruka.

"Samaki beko ku Misa leo," mmoja wa vijana akasema, wakacheka.

"Polepole," Nestor akasema bila kufungua meno. "Nyuma ya jiwe, mahali maji inalala. Banamuke walikausha kijito juu ya hapa, visamaki vyote vilikimbilia pale."

Mzee huyu aliyekuwa tayari kumtoa Muhindo jana, leo alikuwa anamwombea kimoyomoyo. Kijiko kikazama nyuma ya jiwe, kikaanza kuyumba, kisha uzi ukakazika kwa ghafla, na mkebe ukamponyoka Muhindo. Nestor aliukanyaga. Wote wawili waliuvuta uzi kwa mikono mpaka viganja vikachanika. Samaki alitoka akipiga mkia, mrefu kama mkono, kijiko kikiwa kimekwama kwenye meno yake.

Hakuna aliyecheka tena. Merdi alimwinua samaki, akamfungua mdomo, akachungulia kama anayetafuta mnyoo uliofichwa. Akamtia samaki kwenye mfuko, na kijiko pamoja naye.

"Papa Nestor," akasema, "umesema ni mutu wako. Basi ni wako. Kilima kikijibu ile mwanga, ao yeye akipotea, sitamutafuta yeye. Nitakuja kwako."

Nyumbani Elisabeth alikuwa anasubiri mlangoni. "Kumbe ni muvuvi kweli?"

Nestor aliosha tope miguuni kabla ya kujibu. "Kuanzia leo, yeye njo muvuvi."

Kisha akaingia jikoni, akatoka na kijiko chao kikubwa cha kupakulia.

"Unaipeleka wapi? Tutapakua na nini?"

"Na kikombe. Ile ingine wameibeba, na mutu yenye hana kazi ku mto ataanza kuangaliaangalia kilima."

Akachukua na kigoda chake, akashuka mtoni kuketi karibu na Muhindo.