Jina la Pili Kwenye Mkataba

Mdomo wangu hauna breki, na sijawahi kuuombea radhi. Ndiyo maana jengo zima wananiita Spika. Manispaa ilipotangaza kwamba sisi wapangaji wake tunaweza kuunda ushirika na kulisimamia jengo wenyewe, nani alipanda ngazi kugonga milango? Mimi. Na iliporuhusiwa mkataba wa nyumba uwe na majina mawili, la mume na la mke, nani aliwafokea wanawake wenzake?

"Andikeni majina yenu, nyie! Asiyeandikwa hana kura, na mume akitangulia hana pa kulala!"

Wakaandika wote. Aliyebaki ni mimi. Cheka tu, mganga hajigangi.

Kisa ni mume wangu. Huyu ni fundi vigae mstaafu, mtu ambaye ukimpigia soga kutwa nzima anakujibu "haya." Mwezi ule alikuwa ametoka hospitali na dawa za moyo. Siku hiyohiyo akaiweka fomu ya mkataba juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Mama watoto, tia jina lako."

Jamani, nikauweka mkasi chini. Marehemu baba yangu alianza hivihivi. Kwanza alimwonyesha mama mahali anapoficha funguo, halafu akamgawia kaka vyombo vyake vya kazi, na kabla mvua hazijaisha tukamzika. Mwanamume akianza kupanga mambo yake ghafla, ujue anajiandaa na safari.

"Sitii," nikasema. "Na usiniulize tena."

"Haya."

Hakuuliza. Ila nikiiweka fomu juu ya kabati, kesho naikuta kwenye cherehani. Nikiitupa chini ya godoro, naikuta kando ya chai yangu. Mkimya ana ukaidi wake, usimwone hivi.

Siku ya mwisho ikafika. Binti wa ushirika aliweka meza chini ya ngazi, majirani wamemzunguka.

"Mama, umebaki wewe tu," akasema. "Nikishafunga, nyumba inabaki kwa jina la mzee peke yake."

Dada yangu, anayekaa chumba cha chini, akanibana ubavu. "Sisi umetuhubiria mpaka masikio yakauma. Wewe je?"

Mume wangu alikuwa anashuka, taratibu, mkono ukutani, fomu mfukoni. Nilipoiona tu nikalipuka mbele za watu.

"Unataka kufa, si ndiyo? Sema! Uniachie kuta nikae naongea nazo?" Machozi yakanitoka, mimi Spika.

Akasimama ananishangaa. "Kufa? Daktari kasema naendelea vizuri. Nani kakwambia nakufa?"

"Sasa fomu ya nini?"

Akakaa kwenye ngazi ya mwisho, akahema kwanza.

"Kila tukikosana, unabeba mto unashuka kulala kwa dada yako. Unaniambia, baki na nyumba yako. Mimi sibaki nayo, mke wangu. Nakaa kitandani nasikiliza ngazi, labda unarudi. Nataka iwe yako na wewe, usiwe na sababu ya kutoka."

Dada yangu anafuta macho na ncha ya khanga. Tangu anioe sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja, na yote yalikuwa yangu. Nikaichukua kalamu nikaandika jina langu, nampenda mpaka namkasirikia.

Wiki haikwisha tukagombania dirisha. Yeye analitaka wazi, mimi nasikia baridi. Nikapandisha sauti, naye, leo kali, akapandisha yake. Nikashika mto. Nikasimama nao katikati ya chumba, kisha nikaurudisha kitandani.

Basi yeye akachukua wake, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shemeji. Mwenye nyumba amekasirika."

Nikamwahi. Nikafunga mlango, ufunguo nikautia kifuani.

"Mwenye nyumba amesema hatoki mtu."